Kila Mtu na Wapagazi Wake

Wazee waliotutangulia hapa Ungoni hawakuwa na neno nishati. Walisema nguvu, nao waliijua bei yake. Wamisionari Wabenediktini walipofungua kituo cha Peramiho mwaka 1898, kila msumari na kila kioo cha dirisha kilichotoka pwani kilifika kichwani au begani mwa mtu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30, na safari ilikuwa ya wiki kadhaa kwa miguu. Misheni ikachomwa katika Vita ya Maji Maji mwaka 1905, ikajengwa upya, na watu wakabeba tena.

Mwalimu wa hesabu hawezi kuliacha jambo hilo bila kulipigia hesabu. Mtu mzima mwenye afya, akishinda na jembe au mzigo kutwa nzima, hutoa nguvu ya wati kama 75. Kwa saa nane hiyo ni sehemu sita za kumi za uniti moja, uniti zile zile tunazozinunua kwa LUKU. Lita moja ya dizeli ndani ya jenereta ndogo hutoa karibu uniti 3, yaani jasho la mtu la siku tano. Ndiyo maana malori yalipokuja, upagazi ulikufa bila mtu yeyote kuupiga marufuku.

Basi mtu mmoja ahitaji nguvu kiasi gani ili aishi vizuri? Sisemi anasa, nasema maji ya bomba, taa, friji, shule, hospitali, na njia ya kusafiri. Mwaka 1985 José Goldemberg wa Brazili na wenzake walitoa hesabu kwamba wati 1,000 kwa kila mtu, usiku na mchana, zingetosha kumpa maisha yaliyokaribia yale ya Ulaya Magharibi ya miaka ya 1970, mradi vyombo viwe vya kisasa visivyopoteza nguvu. Mwaka 1998 wataalamu wa chuo kikuu cha ufundi cha Zürich, Uswisi, wakataja wati 2,000. Kwao hiyo ilikuwa shabaha ya kushuka, maana wenyewe walikuwa wakitumia zaidi ya 5,000. Mmarekani hutumia karibu 9,000. Msomaji asidhani kwamba hesabu hizi ni za bili ya nyumbani tu. Mafuta ya gari, saruji ya ukuta na mbolea ya shamba vimo.

Wati 2,000 ni uniti 48 kwa siku. Gawanya kwa jasho la mpagazi: unapata wapagazi 80 kwa kila mtu, mtoto mchanga naye akiwa na 80 wake. Mmarekani ana 360. Hakuna mfalme wa Wangoni aliyepata kutumikiwa hivyo.

Na sisi je? Niliwahi kuupima kwa mizani ya mahindi mzigo wa kuni wa mama jirani yangu. Ulikuwa kilo 24, nao ulitosha siku mbili kwa watu sita. Kilo moja ya kuni kavu ina joto la uniti kama 4. Kwa hiyo kila mtu katika nyumba ile alikuwa akichoma uniti 8 kwa siku, sawa na zaidi ya wati 330. Hiyo ni theluthi ya hesabu ya Goldemberg! Lakini mafiga matatu huipa sufuria sehemu moja tu ya kumi, au zaidi kidogo. Nyingine zote hupasha hewa na kuumiza macho ya mpishi. Mtu wa kijijini hatumii nishati kidogo kama tunavyoambiwa. Anaitumia, mkewe anaibeba, na faida haionekani. Kwa sababu hiyo siwaelewi wanaokuja kwenye semina na magari makubwa kuwahimiza akina mama wa hapa wabane matumizi.

Umeme tumeungojea. Kwa miaka mingi Songea iliwashwa na injini za dizeli. Mwaka 2015 masista Wabenediktini wa Chipole walianza kuzalisha megawati 5 huko Tulila, katika Mto Ruvuma, na kuiuzia gridi. Nami husema wazi kwamba hiyo ni kazi kubwa kuliko hotuba nyingi nilizozisikia. Mwaka 2018 njia kuu ya umeme kutoka Makambako ikafika. Sasa Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo ya megawati 2,115. Ni jambo la fahari kweli. Lakini zigawe kwa watu milioni 61.7 wa sensa ya 2022, mitambo yote ikizunguka bila kupumzika: kila mmoja wetu anapata wati 34. Taa ya zamani ya wati 40 haiwaki sawasawa hapo.

Serikali ilizindua mkakati wake mwaka 2024, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Nguzo za umeme zimekwisha kupita juu ya nyumba nyingi ambazo chini yake moshi unafuka bado, kwa kuwa kuni ni za bure kwa asiyehesabu miguu ya mwanamke. Mama jirani amenunuliwa na mwanawe sufuria ya umeme ya kuchemshia maharage, nayo hula chini ya uniti moja kwa chungu kizima. Kuni ameziacha ukumbini. Anasema ugali wa msiba hauingii katika sufuria ile.