Ramani Zilizoipita Mbozi Misheni

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mjini Berlin mkataba ambao wengi wanaukumbuka kwa habari ya Zanzibar na kisiwa cha Heligoland. Ndani yake mna kifungu kinachotuhusu sisi wa huku kuliko kinavyomhusu Mzanzibari. Kinasema mpaka utoke Ziwa Nyasa, upande na Mto Songwe, uachane nao pale unapokaribia bonde la Kongo, ufuate ukingo wa bonde hilo hadi nyuzi 32 za mashariki, kisha ukate moja kwa moja kuutafuta mto unaoingia Ziwa Tanganyika. Halafu kinaongeza, kama jambo dogo, kwamba mstari huo umefuata kwa jumla ramani ya uwanda wa Nyasa na Tanganyika iliyotayarishwa kwa ajili ya serikali ya Uingereza mwaka 1889.

Anayetafuta asili ya kanisa lolote la zamani katika mkoa wa Songwe aanzie hapo kabla hajagusa daftari la ubatizo. Mstari ule ndio ulioamua mmisionari gani aje, aandike kwa lugha gani, na makaratasi yake yaishie mji gani wa Ulaya.

Kilichokuwa kinagombaniwa ni njia. James Stevenson, mfanyabiashara wa Glasgow, alitoa fedha mwaka 1881 ili ikatwe barabara kutoka Karonga hadi Ziwa Tanganyika. Mhandisi wake, James Stewart, alifariki mwaka 1883 kazi ikiwa bado mbichi, na barabara yenyewe haikumalizika. Lakini mezani kwa wakubwa ilikuwa na uzito usiolingana na vumbi lake, na Waziri Mkuu wa Uingereza, Lord Salisbury, hakukubali iangukie mikononi mwa Wajerumani. Mpaka ukapita kaskazini yake. Mwaka 1898 tume ya pamoja ikaja kupima, mwaka 1901 makubaliano yakathibitishwa, na Wanamwanga wakajikuta na serikali mbili bila mtu kuhama nyumba. Tunduma na Nakonde ni watoto wa mstari huo.

Kusini ya mpaka, si mbali na Nakonde ya leo, Waskoti wa misheni ya Livingstonia walifungua kituo cha Mwenzo katikati ya miaka ya 1890. Kaskazini walishika Wajerumani wa Kanisa la Moravian, wenye makao yao Herrnhut, Saxony. Kundi lao la kwanza lilikuja mwaka 1891 kwa njia ya Zambezi, Shire na Ziwa Nyasa: Theodor Meyer, Theophil Richard, Johann Häfner na Georg Martin. Martin alikufa kabla kituo cha Rungwe hakijasimama. Wamisionari wa Berlin waliofika mwaka huohuo walichukua upande wa mashariki, Wamoravian wakachukua magharibi, na kutoka Rungwe wakazidi kusogea hadi karne ya 19 ilipokaribia kwisha wakaingia Unyiha, nchi ya Wanyiha. Aliyeanzisha Mbozi Misheni huko ni Traugott Bachmann.

Shida inaanza msomaji anapotaka kukiona kituo hicho kwenye ramani. Ramani za mwanzo za huku hazikuandika vijiji, ziliandika watu. Msafiri alipouliza "Hapa ni wapi?" alijibiwa kwa jina la mwene, yaani mtawala wa hapo, naye akaliandika kama jina la mahali. Mwene akifa au akihama, mji wake wote unahama, na ramani inabaki inaonyesha pori. Ndiyo maana vituo vya misheni, ambavyo havikuhama, polepole viligeuka kuwa alama za kutegemea kuliko miji ya watawala.

Mfano mzuri ni Utengule. Merere, mtemi wa Wasangu, alifukuzwa na Wahehe kutoka Usangu akajijengea ngome upande wa Mbeya magharibi, akaiita Utengule. Wamoravian wakamfuata huko katikati ya miaka ya 1890, wakitumaini kwamba kanisa lililo karibu na mtawala mkubwa litapata watu wengi. Hawakukaa sana. Wajerumani walipoivunja nguvu ya Mkwawa wa Wahehe, Merere akafungasha, akarudi Usangu na watu wake, na huko nako kukawa na Utengule. Wamisionari wakabaki na Wasafwa, ambao hawakuwa ndio waliowafuata. Kwa hiyo barua inayosema "Utengule" haitoshi. Lazima utazame mwaka, na utazame imeandikwa na nani, la sivyo utamtafuta mtu Usangu wakati kaburi lake liko nyuma ya Mbalizi.

Songwe nayo iko hivyohivyo, tena hii inawapata hata watu wa ofisini. Kuna Songwe inayotelemka Ziwa Nyasa, ambayo ni mpaka wetu na Malawi, na kuna Songwe inayotelemka Ziwa Rukwa. Zote zimo kwenye ramani za Wajerumani, na zote zina misheni jirani. Rukwa yenyewe Joseph Thomson aliiona mwaka 1880 akaiita Ziwa Leopold, jina ambalo lilikaa katika baadhi ya ramani kisha likafa. Unyiha Wajerumani waliuandika "Unyika", na Mbozi wakaiandika "Mbosi". Anayesoma kwa haraka anaweza kudhani habari za Unyika ni za Wamijikenda wa Mombasa.

Ramani kubwa ya Wajerumani ya koloni lote ilichorwa Berlin chini ya Richard Kiepert, kisha Paul Sprigade na Max Moisel, kwa kipimio cha 1 kwa 300,000. Tufanye hesabu yake, maana ndiyo inayovunja matumaini ya wengi. Sentimita moja ya ramani hiyo ni kilometa tatu za ardhi. Kanisa lenye urefu wa mita ishirini likichorwa kwa ukubwa wake halisi halifikii hata sehemu ya kumi ya milimita. Kwa hiyo unachokiona ni alama ya kituo na jina pembeni. Jengo halipo, na hakuna wa kukuonyesha kama kanisa lilikuwa la miti na nyasi au la matofali, lilikuwa juu ya kilima au chini. Tena ramani hizo ziliunganishwa kutokana na njia walizopita maofisa, wapimaji na wamisionari, mtu akiwa na dira mkononi na saa mfukoni, akihesabu saa alizotembea. Kando ya njia yake pamejaa majina ya vijito na vilima. Asipopita mtu, karatasi ni nyeupe, hata kama pana watu elfu.

Ushahidi wa weupe huo tunao hapa kwetu. Kimondo cha Mbozi, pande la chuma la tani zipatazo 16, kiliingia katika vitabu vya wageni mwaka 1930 tu, kupitia mpimaji aliyeitwa W. H. Nott. Wakati huo misheni ilikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, na wenyeji walikijua kimondo tangu zamani bila kuona sababu ya kumwonyesha mgeni. Kama chuma kikubwa kiasi hicho kilipitwa, tusishangae sinagogi (nyumba ndogo za ibada) za vijijini zilizojengwa kwa miti, ambazo mwalimu alifundishia wiki nzima na kuhubiria Jumapili, hazimo ramanini.

Basi ramani ikikwama, fungua makaratasi. Hapo Wamoravian wana utajiri wa ajabu. Kila kituo kilituma taarifa Herrnhut, na kanisa lao lina desturi ya tangu zamani kwamba Mkristo aache habari za maisha yake, zisomwe siku ya maziko. Desturi hiyo ililetwa huku. Elise Kootz-Kretschmer, aliyekuwa Utengule na mumewe, aliandika maisha ya watu waliosimulia wenyewe, wakiwemo wanawake wawili, Narwimba na Chisi, waliopitia utekaji na utumwa wa karne ya 19 katika nchi hii iliyo kati ya maziwa. Mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright alijenga kitabu kizima juu ya masimulizi ya namna hiyo. Hakuna ramani inayokupa kitu hicho: mtoto anatekwa, anabadilishwa kutoka mkono huu hadi mkono ule, na uzee unamkuta misheni akiwa na jina na maneno yake mwenyewe.

Bachmann naye aliacha mengi. Alitafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha kabla ya Vita ya Kwanza. Klaus Fiedler, aliyeandika juu ya wamisionari wa Kijerumani na mila za Kiafrika, anamweka pamoja na Bruno Gutmann wa Uchagani katika wachache waliobadilishwa na nchi. Alianza kwa ukali kama wenzake. Miaka ilivyokwenda akawasikiliza wazee wa Kinyiha, hata katika suala la waume wenye wake zaidi ya mmoja. Anayesoma habari za Mbozi za wakati ule asishtuke akimkuta babu na wake zake wote ndani ya kanisa.

Mwaka 1916 majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka kusini. Wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa nchini, na kwa muda wa miaka kumi hivi Waskoti wa Livingstonia ndio walioangalia vituo vya Wamoravian. Wajerumani wenyewe wakaruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Nionavyo mimi, hicho ndicho kipindi kinachodharauliwa kuliko vyote katika historia ya kanisa hili. Vitabu vya Kijerumani vinakiita pengo, kwa kuwa hapakuwa na Mjerumani wa kuandika. Lakini watu walizaliwa, walizikwa na walisali. Walioshikilia ni walimu na wazee wa kanisa, na ng'ambo ya mpaka walikuwepo wenzao waliojua kalamu vizuri: Mwenzo ndiko Donald Siwale, David Kaunda na wenzao walikoanzisha chama cha ustawi mwaka 1912, chama ambacho vita vilikitawanya na mwaka 1923 kikafufuliwa. David Kaunda huyo ndiye baba wa Kenneth Kaunda. Vita vyenyewe havikuwa mbali: boma la Fife, jirani ya Mwenzo, lilishambuliwa na watu wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, mwanzoni mwa Novemba 1918, wiki tatu hivi kabla hawajasalimisha silaha Abercorn.

Wakatoliki wana njia yao. Kaskazini na magharibi, kuelekea Rukwa, ilikuwa nchi ya Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe, chini ya Askofu Adolphe Lechaptois aliyekaa Karema. Galula, ambayo ramani za Kijerumani zinaiita St. Moritz, na Mkulwe ni vituo vyao vya enzi hizo. Padre Hamberger wa Mkulwe alichapisha habari za dini na desturi za wenyeji katika jarida la Anthropos mwaka 1909 na 1910, na hadi leo mtu wa Momba anaweza kusoma humo mambo ambayo nyumbani hayasimuliwi tena.

Daftari la ubatizo la Kikatoliki lina faida moja kubwa ambayo wengi hawaijui. Tangu amri ya Roma iliyoanza kufuatwa mwaka 1908, mtu akifunga ndoa mahali pengine, paroko wa huko anapaswa kupeleka taarifa kule alikobatizwa, nayo iandikwe pembeni ya jina lake. Watu wa huku walitawanyika sana: machimbo ya dhahabu ya Lupa, migodi ya shaba ya Zambia, mashamba. Mstari mmoja wa wino pembeni ya ukurasa unaweza kukuambia babu aliyepotea aliolea wapi na lini.

Baada ya Vita ya Pili mambo yakawa mepesi. Ndege zilipiga picha, na Waingereza wakachora ramani za 1 kwa 50,000, zile za mfululizo wa Y742, ambamo sentimita moja ni mita mia tano. Kwenye hizo kituo cha misheni kina mahali pake hasa, kijito kina upande wake, na njia ya miguu inaonekana ikitoka kanisani kwenda kijijini. Nakala hutafutwa Idara ya Upimaji na Ramani. Baadhi yake zilichorwa kabla reli ya TAZARA haijapita Tunduma katika miaka ya 1970, na ukizilinganisha na hali ya leo unaona mara moja kwamba misheni za zamani zilifuata maji na mwene, ilhali makanisa ya sasa yanafuata lami na foleni ya malori.

Utawala nao ulihama mara nyingi kuliko makanisa. Mbozi ilitawaliwa kutoka Langenburg, ambayo yenyewe ilihama kutoka ukingoni mwa Ziwa Nyasa hadi Tukuyu, huku nchi za kuelekea Ufipa zikitazama Bismarckburg, yaani Kasanga. Baadaye Mbozi ikawa ya Mbeya, na mwaka 2016 ukazaliwa mkoa wa Songwe, makao yake Vwawa. Ukienda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ukaomba jalada la Songwe la mwaka 1910, utaambiwa halipo, na utakuwa umeambiwa kweli.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitafuta ubatizo wa bibi yako, uliza kwanza jina la mwene aliyekuwa akitawala, kijiji baadaye. Kama ni Mmoravian wa kabla ya 1916, makaratasi ya kituo chake yaliandikiwa Herrnhut. Kama ni wa miaka kumi iliyofuata, tafuta pia upande wa Livingstonia, ambao nyaraka zake nyingi ziko Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh. Kama ni Mkatoliki, nenda parokiani kwake kwanza, na shajara za mapadre zitafutwe Roma. Na wewe mchungaji au paroko mwenye daftari la zamani kabatini, lipige picha ukurasa kwa ukurasa, pamoja na maandishi ya pembeni, kisha nakala moja ikae jimboni. Mchwa wa Mbozi hawasubiri kikao cha wazee.