Sindano Kwanza

Nina shilingi 12,000. Ni malipo ya makala niliyoandika mwaka jana, na mteja alinizungusha miezi minne kabla ya kuzituma. Nimeapa kwamba safari hii hela haiendi kwa kodi ya nyumba wala kwa unga. Inaenda kwa muziki wa babu.

Babu alipofariki alituachia koti lake la kazi ya bandarini, deni kwa mwenye duka, na sanduku la santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika, pamoja na pleya ya kubeba mkononi kama mkoba. Sasa viko kwangu, chumba kimoja hapa Manyatta, Kisumu. Pleya nimeiunganisha na amplifaya kuukuu niliyookota Kibuye siku ya Jumapili, na spika mbili, moja ikiwa na karatasi iliyopasuka. Ukicheza kitu, unasikia muziki ukiwa nyuma ya samaki wanaokaangwa.

Basi nianze kubadilisha nini? Jirani anasema spika, bila hata kufikiri. Fundi mmoja anasema amplifaya. Mimi nilisoma historia chuoni miaka miwili, karo ikaisha nikarudi nyumbani, lakini ugonjwa wa kuuliza "hii ilianzaje" haukupona. Nikaamua kuuliza waliotutangulia kwenye ufuo huu: wao walianza na nini?

Reli ya Uganda ilifika hapa Desemba 1901. Hapo awali ilikuwa imepangwa kwenda Port Victoria, karibu na mdomo wa mto Nzoia, lakini ikaishia kwetu, na mahali pakaitwa Port Florence kabla jina la Kisumu kurudi. Garimoshi na meli zilileta bidhaa, na kati ya bidhaa hizo, miaka ilivyosonga, zikaja gramafoni. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alikwenda Bombay kurekodi, na santuri za Kiswahili zikaanza kusambaa Afrika Mashariki. Mwaka 1950, kule Kapkatet, kwenye milima iliyo juu ya bonde letu, Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba mtu aitwaye Chemirocha. Alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, ambaye walimjua kwa santuri tu.

Sasa fikiria gramafoni ile. Haina stima wala amplifaya. Unazungusha mkono, springi inakaza, sahani inazunguka, sindano ya chuma inatikisika kwenye mfereji, na pembe inakuza sauti. Huwezi kubadilisha spika kwa sababu spika ni pembe yenyewe. Kitu pekee ambacho mwenye gramafoni alilazimika kununua tena na tena ni sindano. Santuri za mizunguko 78 zilichanganywa na unga wa mawe makusudi, ili zisage ncha ya sindano ikae sawasawa kwenye mfereji. Upande mmoja ukiisha, sindano imekwisha. Unaitupa, unaweka nyingine. Aliyebana matumizi na kuirudia mara kumi alikuwa anachonga santuri yake kwa patasi. Hilo somo la kwanza niliandika kwenye daftari.

Kisha ikaja benga. Vijana wa Kijaluo walichukua gitaa wakalipiga kama nyatiti, ala yetu ya nyuzi 8, huku besi ikikimbia chini yake. D.O. Misiani alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania, akawa mfalme wa muziki huu upande wa Kenya. Ziwa halikuwa mpaka sana wakati huo. Meli ya Victoria, iliyoanza safari mwaka 1961, ilibeba watu kati ya Kisumu, Mwanza na Port Bell, na babu alikuwa kati ya waliopakia na kupakua mizigo.

Santuri ya 45 ni ndogo, upande mmoja hubeba dakika chache tu. Kwa hiyo wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ni hadithi na maneno. Unageuza, upande wa pili gitaa linapanda, watu wanaamka vitini, na mwimbaji anaanza kutaja majina: fulani mtoto wa fulani, wa mahali fulani.

Vijijini hakukuwa na stima, kwa hiyo pleya zilikula mawe. Namaanisha betri. Dani, yaani bibi yangu, anasema swali langu la kifaa gani kwanza lingewachekesha. Jibu lilikuwa mawe mapya, basi. Yakilegea, sahani inazunguka polepole, na mwimbaji mwenye sauti nyembamba anakuwa mzee katikati ya wimbo. Waliyaanika juani kama omena ili yapate nguvu ya wimbo mmoja zaidi.

Na jirani yangu wa spika? Yeye pia ana historia nyuma yake. Huku kwetu muziki mwingi umesikilizwa hadharani: kwenye baa, harusini, matangani usiku jenereta likinguruma. Mwenye mitambo analipwa ili boma la tatu lisikie. Kaseti zilipokuja, na wezi wa kunakili wakaua biashara ya santuri miaka ya 1980, mazoea hayo yaliendelea. Leo kijana akipata mshahara wa kwanza ananunua wufa, hata kabla ya kitanda. Simcheki. Sauti ya kusikilizwa na wengi lazima ianze na spika.

Ubishi huu haupo Manyatta peke yake. Miaka ya 1970 huko Glasgow, Ivor Tiefenbrun wa kampuni ya Linn alikuwa akiwaambia watu waanze na pleya, kwa sababu kilichopotea mwanzoni hakiwezi kurudishwa na kifaa chochote mbele. Wapinzani wake wanasema spika ndizo zinazopotosha sauti zaidi, kwa hiyo ukibadilisha spika ndipo sikio litasikia tofauti kubwa. Mimi naona wote wako sawa, inategemea unacheza nini. Muziki wangu ungekuwa kwenye simu, ningekwenda kununua spika leo. Faili haliumii ukilicheza mara elfu. Santuri inaguswa kila mara. Spika mbovu inaniharibia jioni moja, lakini sindano mbovu inamharibia kila atakayesikiliza baada yangu. Na kwa nyimbo nyingi za enzi zile, sina duka la kwenda kununua nakala nyingine.

Hapa ndipo shida yangu ilipo. Babu alidai kwamba kwenye santuri mojawapo, upande wa pili, mwimbaji anamtaja. Alisema aliinunulia bendi bia usiku mmoja. Dani hajawahi kuamini. Mimi nimesikiliza mahali hapo mara nyingi mno, kwa ile sindano ya zamani, na kila mara nasikia samaki wakikaangwa. Nimeshtuka kujua kwamba huenda nilikuwa nikimfuta mwenyewe.

Nilipeleka pleya kwa fundi wa redio. Akachukua lenzi, akachungulia ncha, akacheka.

"Omera, hii si sindano. Hii ni jembe."

Mpya ilitoka Nairobi, ncha ya almasi, shilingi 1,800 pamoja na nauli ya basi. Almasi huvumilia mamia ya saa, yakuti ya zamani ilikuwa imechoka kitambo. Fundi akapunguza pia uzito wa mkono, nami nikasafisha santuri kwa maji yaliyochujwa na kitambaa laini.

Dani alikuja Jumamosi. Kabla ya kuweka sindano niliunganisha simu ili irekodi, nikageuza upande wa pili. Besi ilitoka safi, kitu ambacho sikujua kipo. Tukafika mahali penyewe. Mfereji umeshaumia, na almasi haiponyi kidonda. Jina halikusikika. Lakini baada yake, wazi kabisa, "wuod Alego". Mtoto wa Alego. Babu alitoka Alego.

"Wana wa Alego ni wengi," dani akasema.

"Ni kweli, dani."

Akanyamaza kidogo. "Nyakwara, hebu irudishe."

Sikugusa santuri. Nilimchezea ile ya kwenye simu, mara sita, kupitia spika yenye karatasi iliyopasuka. Zimebaki shilingi 10,200. Sasa jirani anaweza kunisindikiza Kibuye, tukatafute spika.