Ubishi wa Saa na Damu: Mbulu, Hanang na Historia ya Vipimo

Olimpiki ya Mexico City ya 1968 ilikuwa ya kwanza ya kiangazi kupima wanamichezo dawa za kuongeza nguvu. Aliyenaswa alikuwa mmoja tu, Hans-Gunnar Liljenwall wa Sweden, na kilichomponza ni pombe. Katika michezo hiyohiyo, Oktoba 20, John Stephen Akhwari wa Mbulu aliingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda marathoni. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57. Akhwari ndiye aliyekuwa wa 57.

Nayataja mambo hayo mawili pamoja kwa sababu ubishi wa wapenzi wa riadha nchini kwetu huyatenganisha. Wakizungumza habari za Akhwari wanasema moyo. Wakizungumza habari za dawa wanataja Kenya, Urusi, Marekani. Ni kana kwamba wilaya zetu za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, zina kinga ya kuzaliwa.

Fahari hiyo ina msingi. Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953, enzi ambazo Karatu bado ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Februari 2, 1974, mjini Christchurch, aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho bila kumsubiri mtu, akamaliza kwa 3:32.2 na kuvunja rekodi ya dunia ya Jim Ryun. John Walker aliyemfukuza hadi kwenye utepe naye alikuwa chini ya rekodi ya zamani. Mwaka uliofuata, Kingston, Jamaika, Bayi akachukua na rekodi ya maili, 3:51.0. Muda wake wa Christchurch ulibaki rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa miaka 48, mpaka Oliver Hoare wa Australia alipoufuta mwaka 2022.

Hanang nayo ikamtoa Gidamis Shahanga wa Katesh. Mwaka 1978, akiwa kijana wa miaka 20, alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, mbele ya mwenyeji Jerome Drayton. Miaka minne baadaye, Brisbane, alichukua dhahabu ya mita 10,000, na Mtanzania mwenzake Zakaria Barie akawa wa pili.

Hakuna doa la dawa katika majina hayo. Lakini anayetaka kubishana kwa haki akumbuke zana za wakati ule. Vipimo vya steroidi vilianza kutumika mwaka 1974, mwaka uleule wa rekodi ya Bayi huko Christchurch. Kujiongezea damu kulipigwa marufuku katikati ya miaka ya 1980. Kipimo cha EPO, homoni inayozidisha chembe nyekundu za damu, kilifika Olimpiki mwaka 2000 huko Sydney. Kabla ya hapo, kusema fulani hakunaswa kulikuwa na uzito mdogo mno. Naamini Bayi alikimbia kwa mapafu ya nyanda za juu na mazoezi makali, na imani hiyo siioni kuwa dhaifu. Hata hivyo, inabaki kuwa imani.

Ubishi wa leo umekuwa mgumu zaidi kwa sababu saa zenyewe zimebadilika. Gabriel Geay, mzaliwa wa Mbulu, alikimbia marathoni ya Valencia mwaka 2022 kwa 2:03:00, na mwaka uliofuata akawa wa pili Boston, mbele ya Eliud Kipchoge. Muda bora wa Juma Ikangaa, Mtanzania wa kizazi kilichotangulia, ulikuwa 2:08:01, New York 1989. Tofauti ya dakika tano mtu anaweza kuigeuza tuhuma kirahisi. Ni dhuluma. Viatu vyenye bamba la kaboni vimeshusha muda wa dunia nzima, na Valencia ni tambarare wakati New York ina madaraja na vilima. Saa peke yake haimtii mtu hatiani, wala haimsafishi.

Kinachomsafisha mkimbiaji ni kupimwa, tena bila taarifa, akiwa nyumbani. Tazameni jirani zetu. Ruth Chepngetich wa Kenya aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake Chicago, 2:09:56, Oktoba 2024. Machi iliyofuata sampuli yake ikakutwa na dawa ya kupunguza maji mwilini, ambayo madaktari huwapa wagonjwa wa shinikizo la damu. Alieleza kwamba alimeza dawa ya mfanyakazi wake wa ndani. Akafungiwa miaka 3. Rekodi imebaki vitabuni kwa kuwa iliwekwa kabla ya sampuli hiyo, na wapenzi wa riadha wataigombania kwa miaka mingi. Dawa za aina hiyo zipo katika maduka ya dawa ya kawaida. Kijana wa Haydom au Dongobesh anayeanza kukimbia nje ya nchi anaweza kuponzwa na kidonge cha nyumbani kabla hata hajasikia jina la AIU, kitengo kinachosimamia uadilifu wa riadha duniani.

Kwa hiyo neno langu kwa Riadha Tanzania na kwa walimu wa michezo wa Manyara ni hili: pelekeni elimu ya dawa kambini na mashuleni, na vipimo viingie katika mashindano yetu ya ndani, gharama zake zikipangiwa bajeti kama nauli na jezi. Nanyi mashabiki wa Mbulu na Katesh, mpimaji akigonga mlango wa kijana wenu alfajiri, msimwone adui. Mkaribisheni.