Ushanga wa Meru na Fuvu la Uholanzi

Wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17 walipenda sana kuchora vitu vya thamani vilivyopangwa juu ya meza. Yapata mwaka 1640 Harmen Steenwyck alichora upanga wa Kijapani, kombe la bahari ya mbali, vitabu na ala za muziki. Katikati akaweka fuvu la mtu, na karibu nalo taa iliyozimika. Maana yake yatokana na Kitabu cha Mhubiri: mali, elimu na starehe zote ni ubatili. Lakini vitu hivyo vyashuhudia pia biashara, kwani tangu mwaka 1602 Kampuni ya Waholanzi ya Mashariki ya India ilikuwa ikileta bidhaa za Asia.

Huku chini ya Mlima Meru, kitu cha anasa kilichotoka ng'ambo kilikuwa ushanga wa kioo. Katika karne ya 19 misafara kutoka Pangani iliuleta bara pamoja na nguo na nyaya za madini, ikitafuta pembe za ndovu. Samuel Teleki, aliyetoka Pangani, alifika Meru mwaka 1887. Wala tusidhani kwamba mnunuzi alipokea lolote aliloletewa. Mwaka 1883 Joseph Thomson alilazimika kukawia Taveta, watu wake wakitunga ushanga kwa vipimo walivyotaka Wamasai. Mwenye mji ndiye aliyeamua kipi ni kizuri.

Waarusha, ambao lugha yao na taratibu zao za rika ni za jamii moja na za Wamasai, waliupa ushanga huo maana yao wenyewe. Mweupe huelezwa kuwa ni maziwa. Mwekundu, damu na ushujaa. Wa samawati, mbingu iletayo mvua. Pambo humtambulisha mvaaji: ni msichana, ni mke, au ni kijana wa rika la vita.

Basi hapa pana tofauti kubwa. Kwa Mholanzi kitu cha anasa kilimkumbusha mtu kifo chake. Kwa Mwarusha kilimfunga mtu na wenziwe walio hai. Hata hivyo vyote viwili vyanyamaza juu ya jambo moja, nalo ni gharama. Fuvu la Steenwyck halitaji mabaharia waliokufa njiani, wala ushanga hautaji wapagazi waliobeba pembe mpaka pwani. Yampasa mwanahistoria kuwataja.