Madaftari ya Gombe

Huku Masanze, jirani na Hifadhi ya Mikumi, nyani tunamjua kama mwizi wa mahindi. Nani ahangaike kumwandika? Kule Gombe, Kigoma, walioandika wapo. Januari 1974 Hilali Matama alishuhudia sokwe wakimvamia Godi, dume wa kundi lililojitenga, na vita ikaendelea miaka 4. Mei 1975 waasi kutoka Zaire wakateka vijana 4 wa kigeni waliokuwa kwenye utafiti, wageni wakaondolewa. Watanzania wakabaki, wakiwafuata sokwe na kuandika kwa Kiswahili: nani kala nini, nani kampiga nani. Kurasa nyingi za Jane Goodall zimetoka kwenye madaftari hayo. Sasa tukihesabu waandishi wa Kiswahili, hawa tunawaachaje?