Kwa nini programu ya Linux inaweza kuchanganya akaunti za watu

Kwenye kompyuta ya Linux, akaunti za watumiaji huorodheshwa kwenye faili la /etc/passwd, kila moja na mstari wake. Mstari una sehemu 7, zikiwemo jina, namba ya mtumiaji na folda yake. Nywila zilizosimbwa kwa kawaida hukaa kwenye /etc/shadow.

Programu nyingi za C husoma taarifa hizo kwa kuita getpwnam. Shida iko hapa: majibu yote yanaweza kuwekwa sehemu ileile ya kumbukumbu. Programu ikiuliza habari za Asha, kisha kabla haijamaliza ikauliza za Juma, jibu la Juma linaweza kufuta la Asha. Matokeo yake? Faili la Asha linakabidhiwa Juma.

Hatari huongezeka programu inapofanya kazi kadhaa kwa mpigo.

Dawa yake ni getpwnam_r. Hii hutaka kila anayeuliza aje na nafasi yake ya kuwekea jibu. Nafasi ikiwa ndogo, inarudisha kosa la ERANGE: ongeza nafasi, uliza tena. Ikirudisha 0 na matokeo ni NULL, mtumiaji huyo hayupo. Usiendelee kana kwamba yupo.