Jaribio la Vyandarua la Misungwi

Jaribio la Vyandarua la Misungwi ni utafiti wa malaria uliofanyika wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, kuanzia 2019. Ripoti yake kuu, ambayo mwandishi wake wa kwanza ni Jacklin Mosha wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), ilichapishwa katika jarida la The Lancet Machi 2022. Watafiti kutoka Moshi, London na Ottawa walishiriki.

Swali lilikuwa la dharura. Pairethroidi, dawa iliyotegemewa kwa miaka mingi kwenye vyandarua, hushambulia mishipa ya fahamu ya mbu, lakini mbu wengi wa Kanda ya Ziwa walikwisha kuwa sugu. Maeneo 84 yaligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne: moja lilipewa vyandarua vya kawaida, matatu vyenye dawa mbili. Vilivyoongezewa klofenapiri, ambayo haigusi mishipa ya fahamu bali huzuia seli za mbu kuzalisha nishati, ndivyo vilivyong'ara. Baada ya miaka miwili maambukizi kwa watoto yalikuwa asilimia 25.6, dhidi ya 45.8 kwa vyandarua vya kawaida. Watoto waliougua walipungua kwa asilimia 44.

Ripoti nyingi huishia kunukuliwa na watafiti wenzao tu. Hii ilifika mbali zaidi, na inastahili heshima hiyo: Machi 2023 Shirika la Afya Duniani liliitegemea, pamoja na jaribio kama hilo la Benin, kupendekeza vyandarua vya klofenapiri palipo na mbu sugu.